Zamu ya Mchana

Watu wa kwetu wakitaka kunichokoza huniita Profesa. Mimi sijawahi kufundisha hata chekechea. Ni mwangalizi wa mtambo mdogo wa umeme wa maji, ule ulio chini ya maporomoko, juu kidogo ya Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto, si ile ya pwani. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufungua lango la maji jioni, kulifunga watu wakishalala, kupaka beringi grisi na kuondoa majani kwenye chujio. Uprofesa nilijipa mwenyewe siku moja, mbele ya mkutano wa kijiji, kwa mdomo wangu huu, na aliyeumia ni dada yangu.

Nieleze kwanza habari ya maji, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mto wetu una wateja wawili. Wa kwanza ni mfereji wa mashamba. Wa pili ni bomba la mtambo, linalochukua maji juu zaidi ya mfereji na kuyarudisha mtoni chini kabisa, mashamba yakiwa yamekwisha kupitwa. Maji yakiingia kwenye bomba, mkulima hayaoni tena. Zamani hilo halikumsumbua mtu: mchana maji ya wakulima, jioni maji ya taa. Tena tunayo ndiva, bwawa letu la udongo linalojazwa na chemchemi usiku kucha, na hilo ndilo linalolisha zamu za asubuhi. Maji ya ndiva ni machache, hayatoshi shamba zima, lakini hayakosi. Zamu za mchana zinautegemea mto.

Dada yangu alikuwa na zamu ya asubuhi. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa. Mama alipofariki ndiye aliyenibeba mgongoni, akaacha shule ili mimi niende. Mume wake naye alipofariki, wakwe walimwachia shamba la bondeni kwa sharti moja, lililosemwa wazi mbele ya wazee wa ukoo: shamba lisilale. Kiangazi kikipita bila zao lolote, ukoo utalichukua na kumpa mdogo wa marehemu. Huyo shemeji yake alikuwa amelikodolea macho hata kabla matanga hayajaondolewa. Basi dada alilima nusu ya shamba kwa maji ya ndiva, kabichi kidogo, karoti kidogo, na hiyo nusu ilitosha kuwafunga watu midomo. Kila mtu alijua kwamba lile shamba likimtoka, hana pengine.

Halafu ikaja kampuni. Walileta kontena moja, limejaa kompyuta toka sakafuni hadi darini, na feni kubwa upande mmoja. Mwanzoni tulidhani wanachapa noti bandia, na mimi mwenyewe nilichungulia nikitafuta karatasi. Meneja wao, mtu mpole kutoka Dar aliyekuwa haachi kusugua viganja kwa baridi yetu, akatueleza. Alisema kuna daftari moja la dunia nzima, linaloandikwa kwenye mtandao, la watu wanaotumiana sarafu zisizoshikika. Kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mmoja wa daftari hilo hufungwa. Ukurasa huo wanauita bloku. Mashine zote za dunia hushindana kubahatisha namba ya kuufungia, na mwenye mashine iliyoipata ndiye hulipwa. Walichagua mlima wetu kwa sababu mbili: umeme wetu wa mchana ulikuwa hauna mtu wa kuutumia, na hewa yetu inapoza mashine bila gharama.

Kontena la kwanza lilikula nusu ya mto mchana kutwa. Watu walinung'unika, ila zahanati ilipata umeme wa friji ya chanjo, na mashine ya kusaga ikaanza kunguruma saa za kazi. Wale wa zamu ya mchana wakajihami: wakang'oa mboga, wakapanda viazi vitamu na magimbi, vitu vinavyovumilia. Mimi nikaongezewa mshahara. Nikanunua buti mpya, na nisifiche, nikaanza kutembea kama mwenye mlima.

Baada ya mwaka wakataka kuleta kontena la pili. Hilo lilihitaji mto wote. Ukaitishwa mkutano mbele ya ofisi ya kijiji, na kwa kuwa meneja alizungumza Kiswahili cha mjini, kilichojaa maneno ya ofisini, nikaombwa nisimame pembeni yake nitafsiri kwa Kishambaa, hasa kwa ajili ya bibi zetu. Niliombwa nitafsiri, basi. Hakuna aliyeniomba nieleze.

Mzee mmoja wa kamati ya mfereji akanyoosha fimbo akauliza, "Hizo mashine zikishakuwa nyingi hivyo, zitapumzika saa ngapi?"

Meneja akajibu, "Mzee wangu, mashine zikiwa nyingi, tunafanya kazi zaidi. Na kazi ni ileile, bloku moja kila dakika kumi."

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Niliona nyuso za watu hazijashika kitu, na mimi, jamani, napenda kusikilizwa! Nikaligeuza jibu la meneja kwa Kishambaa, kisha nikaongeza la kwangu. Nikawaambia: "Si mnajua msaragambo? Tukitoka watu ishirini kuchimba mfereji, tunarudi jioni. Tukitoka arobaini, adhuhuri tumeshaoga. Ndivyo ilivyo hapa. Kontena moja linahangaika kutwa. Yakiwa mawili, kazi ya siku itakwisha saa sita, na kuanzia hapo mto wote ni wenu. Wote, si nusu kama sasa."

Weee! Vigelegele vilipigwa hadi meneja akashtuka. Akaniinamia, "Umewaambia nini?"

"Nimewaeleza faida yake."

"Safi sana," akanipiga begani. Mtendaji wa kijiji akaandika muhtasari kwa Kiswahili, yaani aliandika maneno ya meneja. Ya kwangu hayakuandikwa popote.

Nataka niaminike hapa: sikudanganya. Niliamini nilichokisema. Kila mashine niliyowahi kuishika, ya kupasua mbao, ya kusaga, hata huu mtambo wangu, ilikuwa na saa ya kuzimwa. Na mtu akikuambia kazi inachukua dakika kumi, kichwa chako kinakwenda kwenye mwisho wa zile dakika. Sikuwahi kuona kazi ambayo ukiiongezea mikono haipungui. Wala sikuuliza. Kulikuwa na mhandisi pale kwenye kontena, binti mdogo, kila siku tunasalimiana, nami sikumuuliza hata swali moja kwa sababu niliona aibu kuonekana sijui.

Jioni ileile dada alikuja kwangu. Akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema, "Hilo la saa sita una hakika nalo?"

"Dada, lango nalishika mimi."

"Sikuulizi habari ya lango. Nakuuliza kama una hakika."

"Nina hakika."

Akacheka, akafurahi kweli, maana alikuwa na hesabu yake kichwani. Kwa maji ya ndiva alilima nusu shamba. Kwa mto mzima, mchana, angelima lote, na shemeji yake angetafuta pengine pa kukodolea macho. Siku chache baadaye alikwenda kwenye kamati ya mfereji akabadilishana zamu: yeye akachukua ya mchana ya jirani mmoja, jirani akachukua yake ya asubuhi. Yule jirani hakuamini bahati yake, alimuuliza mara mbili. Kwetu zamu ikishabadilishwa mbele ya kamati hairudi hadi mvua za vuli zishuke. Sheria hiyo iliwekwa kuzuia ugomvi, na hakuna anayeivunja, hata kwa ndugu yake.

Alisia kabichi, akaihamishia shambani mstari kwa mstari, shamba zima. Nilikwenda kumsaidia Jumamosi mbili. Sikuwa nimemwona akiimba akifanya kazi tangu msiba, lakini siku zile aliimba.

Kontena la pili lilipandishwa na lori lililokwama kila kona. Mafundi wakaleta transfoma nyingine, nyaya nene kama mkono wa mtoto, feni zaidi. Siku ya kuwasha, meneja akanipa ishara nikafungua lango hadi mwisho. Mtambo ukaguna kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Zile feni zikaanza, na hewa ya moto ikatoka upande wa pili ikakausha umande wote wa kilimani.

Nikasubiri saa sita.

Saa sita ikafika. Nikajisemea leo ni siku ya kwanza, watachelewa. Saa saba. Saa nane nilisimama nje ya kontena nikitegea sikio ule mlio ushuke. Saa tisa nikagonga mlango. Yule binti mhandisi akatoka ameziba masikio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi, zinamaliza saa ngapi?"

"Zinamaliza nini?"

"Kazi ya leo."

Akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Akanivuta pembeni, mbali na mlio, akanieleza taratibu, kwa heshima, na mpaka leo namshukuru kwa ile heshima. Akasema daftari lile halitaki kurasa zifungwe haraka. Lina kanuni yake. Watu wakiongeza mashine, kurasa zikaanza kutoka upesi kuliko dakika kumi, baada ya wiki mbili hivi daftari lenyewe hulifanya fumbo kuwa gumu zaidi, mpaka muda urudi dakika kumi. Wakipunguza, hulegeza. Kwa hiyo mashine ziwe chache au ziwe nyingi kujaza dunia, ukurasa ni dakika kumi tu.

"Yaani ukileta majembe mengi, ardhi inageuka mwamba?"

"Ndiyo, baba. Tena yetu ni kidogo sana katika mashine zote za dunia. Sisi tunaongeza ili tusiachwe, basi. Tukizima saa moja, wenzetu wanaendelea na sisi tumepoteza hiyo saa. Ukurasa ukifungwa, mwingine unaanza papo hapo. Ndiyo maana umeme na upozaji wa hapa vimejengwa vya kufanya kazi usiku na mchana. Hakuna kumaliza."

Nikaketi juu ya jiwe. Binti akauliza kama naumwa.

Nilikwenda kwa meneja siku ileile. Nikamweleza yote, ya msaragambo, ya saa sita. Hakukasirika. Alitoa nakala ya muhtasari akaisoma toka juu hadi chini, akanigeuzia. "Nionyeshe palipoandikwa saa sita." Hapakuwepo. "Kampuni haikusema hivyo, mzee. Ulisema wewe. Ukitaka kukanusha, ni haki yako, itisha mkutano ukanushe. Ila kijiji kikivurugika kwa sababu ya mtu wetu wa lango, makao makuu watataka mtu mwingine wa lango. Mimi sitakuwa na la kuwazuia." Alisema hivyo bila ukali wowote, akaniagizia chai.

Ningeitisha mkutano siku ile, dada angekuwa na wiki mbili za kunusuru miche yake. Kamati ingekataa kumrudishia zamu, lakini watu wangejua, na mtu anayejua hutafuta njia. Sikuitisha. Nilikuwa na mtoto kidato cha tatu, nilikuwa na buti mpya, nilikuwa na ule mkutano na vile vigelegele masikioni. Watu waliponiuliza nikasema, "Bado wanarekebisha." Wiki ya pili, "Fundi anasubiriwa." Wiki ya tatu wakaacha kuniuliza. Wale wenye viazi na magimbi walilaani wakaendelea na maisha. Kabichi haingoji.

Mara moja tu nilithubutu. Mchana mmoja, meneja akiwa Lushoto mjini, nilirudisha lango nusu, maji yakashuka mferejini. Nikayafuata kwa miguu kandokando ya mfereji, nikikimbia kama mwehu. Lakini kila niliyempita alikuwa na kiu yake. Waliona maji, wakafungua vijito vyao, na ningewakatalia kwa lipi? Hawakuwa na kosa. Shamba la dada ni la mwisho kwenye mfereji. Nilipofika, mchanga ulikuwa umelowa tu, hapakuwa na hata maji ya kuchota kwa kopo. Simu ikaita, ni yule binti, anauliza kwa hofu umeme umepatwa na nini, nusu ya mashine zimezimika na nyingine zinapiga kelele. Nikarudi kufungua lango.

Ndipo nikaenda kumwambia dada. Nilimkuta mchana, ametoka mtoni, kule chini bomba linakorudisha maji, na ndoo kichwani, anamwagilia mche kwa mche kwa kikombe cha chai. Viganja vimechubuka. Mistari ya juu ilikuwa imekwisha kuwa kahawia. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilikosea, na kwamba nimekuwa nikijua kwa karibu mwezi mzima.

Alitua ndoo. Nilitamani anipige, haki ya Mungu, kama alivyonipiga nilipokuwa mdogo nikavunja chungu. Aliuliza tu, "Nani mwingine anajua?"

"Yule binti, na meneja."

"Kijijini?"

"Hakuna."

Akafikiri. "Ukisema, watakufukuza?"

"Watanifukuza."

"Basi usiseme," akasema, akainua ndoo yake. "Na uende, usije ukaonekana huku saa za kazi."

Nilikwenda. Hilo ndilo sijalielewa mpaka leo kuhusu mimi mwenyewe: kwamba aliponiambia niende, nilisikia nafuu, nikaenda.

Kabichi ilikufa yote mwezi wa tisa. Alipanda maharage juu yake, nayo yakachomoza vidole viwili yakanyauka. Jumapili moja baada ya ibada tukaitwa nyumbani kwa shemeji yake. Wazee wa ukoo wa marehemu walikuwa wameketi, wanne, na makoti yao ya kanisani. Mimi niliitwa kama upande wa mwanamke. Makande yalikuwa yanachemka jikoni, nikajua kwamba hapa pameshaandaliwa furaha ya mtu.

Mzee wa ukoo hakuwa mkali. Nadhani hata alimwonea huruma. Akasema, "Mama, sharti unalijua. Shamba limelala kiangazi kizima. Lakini ukoo si mnyama. Ulikuwa na zamu ya asubuhi, ya ndiva, zamu isiyokosa maji, na ukaitoa kwa hiari. Tueleze. Kama kuna mtu alikudanganya, hilo ni jambo jingine. Mtu akidanganywa, sisi hatuwezi kumnyang'anya shamba kwa kosa la mwingine."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi namna hiyo! Neno moja tu, jina langu moja, na shamba lingebaki lake.

Dada akasema, "Hakuna aliyenidanganya, baba. Ilikuwa tamaa. Nilitaka shamba zima kwa mpigo mmoja."

"Nani alikushauri?"

"Nilijishauri mwenyewe."

Mzee akanigeukia mimi. Sijui kama alikuwa anahisi kitu. Alikuwepo kwenye ule mkutano, alinisikia kwa masikio yake. "Wewe, ndugu yake. Unayeshika lango. Una neno?"

Nikasimama. Nilikuwa nalo, lote. Nikamwangalia dada. Alikuwa ananitazama, na kwa kichwa chake, kidogo sana, akanikataza.

"Sina neno, mzee," nikasema.

Nikakaa. Wakanong'onezana kidogo, kwa adabu, wakatamka. Shemeji yake akashukuru kwa sauti ya chini, na dada naye akashukuru, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Chakula kikaletwa. Tulikula. Mimi pia nilikula.

Tulitoka pamoja, tukapanda kilima. Njiani aliniambia kwamba kuna mama mmoja wa kanisani ana mtoto wake kwenye mashamba ya chai kule karibu na Amani, kwamba wanapokea wachumaji hata wa umri wake, na kwamba ataondoka kabla ya mvua. Tulipofika njia panda akasimama. Akaninyooshea kola ya sweta iliyokuwa imejikunja, akaitazama kama imekaa sawa.

"Kesho usichelewe kazini," akasema.